Mpaka na Jirani



Mtu akisimama juu ya kilima cha Kigoma usiku usio na mwezi, ataona taa nyingi juu ya ziwa, mfano wa mji uliojengwa majini. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Milima ya Kongo haionekani tena kwa giza, lakini wavuvi wa ng'ambo nao wamewasha taa zao, na kwa macho hatuwezi kusema taa ipi ni ya kwetu na ipi ni ya kwao. Walakini twajua ya kuwa katikati ya ziwa upo mpaka. Umeandikwa katika ramani na katika mikataba. Majini hapana jiwe wala mti wa kuuonyesha.

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya neno hili: mpaka wafaa kitu gani mbele ya Mungu? Na mtu aliye nje ya mpaka wetu, tuna deni gani kwake? Hatuulizi kwa kupenda mabishano ya elimu. Twauliza kwa sababu ya kaburi moja dogo.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukitumika katika usharika mmoja karibu na ziwa. Jumamosi moja mchana alikuja mtu mgeni, mvuvi aliyetoka ng'ambo pamoja na mkewe, naye alikuwa amefiwa na mtoto mchanga usiku ule. Akaomba mtoto wake azikwe kwa ibada ya Kikristo. Tukawaita wazee wa kanisa, tukaketi barazani, tukafungua daftari. Jina lake halikuwamo. Tukamwuliza cheti cha kanisa lake. Hakuwa nacho, maana walikimbia kwa haraka. Tukamwuliza kanisa lake. Akataja jina la kanisa lisilo letu. Tukamwuliza mchungaji wake, akajibu, "Yuko ng'ambo, kama yu hai."

Wazee wetu hawakuwa watu wabaya. Mmoja alisema, "Tukimzika kila ajaye, kesho tutajuaje walio wetu?" Mwingine alisema, "Mchungaji wa ng'ambo akisikia, hatasema tumeingia shambani mwake?" Wa tatu akatukumbusha mithali ya wahenga ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tukakata shauri kuandika barua, iende na mashua ya Jumatatu. Yule baba akasimama, akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, mtoto hangojei barua." Kisha akaenda zake.

Kesho yake, baada ya ibada, tulipata habari ya kuwa mtoto amekwisha zikwa. Jirani zake, Waislamu wa mtaa ule, walitoa nguo ya kumvika, wakachimba kaburi, wakambeba, wakasimama kimya wakati baba yake alipoomba peke yake kwa lugha yake. Sisi hatukumfukuza mtu yule. Tulimwambia habari za utaratibu tu. Lakini tangu siku ile, kila tunaposoma Luka sura ya kumi, habari za kuhani na Mlawi waliopita upande mwingine wa njia, hatuwezi kusoma upesi kama zamani. Huenda wale nao walikuwa na utaratibu wao.

Basi na tuangalie kwanza habari za mipaka katika nchi hii tunayokaa.

Ujiji ulikuwa mji wa biashara kabla serikali za Ulaya hazijachora mstari wo wote ziwani. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliwakuta watu wakiuza na kununua, na mitumbwi ikivuka kwenda na kurudi. Wamanyema wengi walitoka ng'ambo ya magharibi wakakaa Ujiji, wakazaa, wakawa wenyeji. Baadaye wakubwa wa Ulaya waligawanya nchi: upande wa magharibi wa ziwa ukawa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na upande wetu ukawa wa Wadachi. Mwaka 1914 gari la moshi lilifika Kigoma kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1915 Wadachi waliishusha majini meli yao Graf von Götzen. Na mwezi wa Julai 1916, jeshi la Wabelgiji lilipokaribia, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Wabelgiji wakatawala Kigoma na Ujiji hata mwezi wa Machi 1921, ndipo wakawaachia Waingereza. Waingereza nao wakaiinua meli ile mwaka 1924, ikaanza safari tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Basi mfikirini mtoto aliyezaliwa Ujiji mwaka 1910. Alipotimiza miaka kumi na mmoja alikuwa amekwisha kukaa chini ya bendera tatu, wala hakuhama nyumba ya baba yake. Kama aliishi hata mwaka 1964, aliona bendera ya Tanganyika, na ya Tanzania baada yake. Je, mtu huyu jirani zake walikuwa nani? Walikuwa wale wale wa siku zote.

Tena liko jambo moja katika habari hizi ambalo twaona lina mafundisho mengi. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1921, mkono wao haukuondoka wote. Tarehe 15 Machi mwaka ule Uingereza na Ubelgiji walifanya mkataba, na kwa mkataba huo Wabelgiji walipewa kiwanja katika bandari ya Kigoma, na kingine Dar es Salaam, ili mizigo ya kwenda na kutoka Kongo ipite bila kutozwa ushuru. Viwanja hivyo viliitwa Belbase. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Na muda wake? Mkataba ulisema ni wa milele.

Miaka arobaini ikapita. Mwishoni mwa mwaka 1961, uhuru ulipokaribia, Waziri Mkuu Julius Nyerere alitangaza ya kuwa Tanganyika haitafungwa na mkataba ule. Hoja yake ni nyepesi kufahamu. Waingereza walikabidhiwa nchi hii na mataifa kama walezi, kwa muda tu. Mlezi aweza kupangisha shamba la yatima kwa siku za ulezi wake. Hawezi kuligawa kwa siku zitakazofuata, wakati yatima amekuwa mtu mzima. Aliyepewa kitu kwa muda hana milele ya kumpa mwingine. Wala mizigo ya ng'ambo haikukoma kupita Kigoma kwa sababu ya maneno hayo, maana watu wa Kongo, na Rwanda, na Burundi, hawakuacha kuhitaji vitu vyao. Njia iliendelea kutumika. Lililokataliwa ni neno "milele."

Wasomaji wa Biblia watakumbuka Mambo ya Walawi sura ya 25, pale Bwana anapowakataza Israeli kuuza ardhi moja kwa moja, kwa kuwa ardhi ni yake, nao ni wageni na wapangaji tu kwake. Tusidhani kwamba neno hili lawahusu wafalme na mawaziri peke yao.

Hata Ulaya kwenyewe, walikotoka wachoraji wa ramani zetu, mambo kama haya yako. Kando ya mto Rhine kiko kijiji kidogo cha Ujerumani, jina lake Büsingen, ambacho kimezungukwa pande zote na nchi ya Uswisi. Kutoka hapo hata Ujerumani penginepo ni mwendo usiofika kilomita moja, lakini mwendo huo ni wa kupita katika nchi ya wengine. Baada ya Vita Kuu ya kwanza watu wake walipiga kura, na karibu wote wakataka kuwa wa Uswisi. Hata hivyo wakabaki Wajerumani. Mwaka 1964 serikali mbili zilifanya mkataba, ukaanza kutumika mwaka 1967, ili kijiji kile kiwe pamoja na Uswisi katika mambo ya forodha. Na juu ya kilima cha kijiji liko kanisa la zamani sana, ambalo lilikuwa kanisa mama la mji wa Schaffhausen ulio jirani. Leo mji ule uko Uswisi na kanisa lile liko Ujerumani. Mama na mtoto wametengwa na mstari ambao wala mama wala mtoto hakuuchora.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya serikali; Kanisa ni jingine." Twatamani ingekuwa hivyo. Lakini tazameni. Wamishenari wa Kiingereza wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na mwaka uliofuata, 1879, wakafika Mapadre Weupe wa Kikatoliki. Tangu hapo mipaka ya makanisa kando ya ziwa hili haikutulia. Wale wa London waliondoka Ujiji wakaenda sehemu nyingine za ziwa. Wakatoliki wa Kigoma walipata vikarieti yao mwaka 1946, ikawa jimbo mwaka 1953. Waanglikana wa pande hizi walikuwa chini ya dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927 na yenye makao yake Dodoma. Mwaka 1966 wakapata dayosisi yao ya Western Tanganyika, makao yake Kasulu.

Na sisi Walutheri tusijione tumesalimika. Wamishenari wa Betheli walianza kazi Rwanda mwaka 1907, na mwaka 1910 wakaanza Bukoba. Ilikuwa misheni moja, na katekisimo moja. Vita ikaja, wamishenari wakaondolewa, kisha mpaka wa Wabelgiji na Waingereza ukapita kati ya Rwanda na Bukoba. Vituo vya Rwanda vikashikwa na misheni ya Waprotestanti wa Ubelgiji, na mbegu ile leo ni Kanisa la Kipresbiteri. Vituo vya Bukoba vikabaki upande wa Tanganyika, na mbegu ile ile leo ni Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa letu. Basi yule mgeni akija kwetu na kutaja jina la kanisa lisilo letu, huenda babu yake na babu yetu walibatizwa na mikono ya mtu mmoja. Daftari haliwezi kutuambia hayo.

Hata Kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, lilipata kuwa moja tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana. Siku moja kabla yake, mtu wa Bukoba na mtu wa Moshi walikuwa wa makanisa mawili. Je, Bwana aliwahesabu kuwa ndugu tangu tarehe 19 tu?

Walakini tusiharakishe kusema ya kuwa mipaka yote ni dhambi. Hilo ni jibu rahisi, nasi twalikataa. Kumbukumbu la Torati yakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, maana mpaka ndio ulinzi wa mjane na shamba lake. Mtume Paulo, akisema na watu wa Athene katika Matendo sura ya 17, anafundisha ya kuwa Mungu mwenyewe aliwawekea mataifa nyakati zao na mipaka ya makao yao. Na katika kazi yetu, mwalimu asiye na mpaka wa mtaa wake ni mwalimu wa nani? Mwenye kusema, "Ulimwengu wote ni usharika wangu," mara nyingi hana mgonjwa hata mmoja anayemtembelea. Mchungaji wa kondoo mia alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu. Daftari ni jambo jema.

Basi shida iko wapi? Twaona hivi. Mpaka waweza kujibu maswali mawili. La kwanza ni hili: "Nani ataulizwa habari za mtu huyu?" Hapo mpaka hutupa mzigo, watuambia kwamba watu wa kutoka mto huu hata kilima kile ni juu yetu, wala tusiseme mwingine atawatunza. La pili ni hili: "Nani hatutaulizwa habari zake?" Hapo mpaka hutuondolea mzigo, watuambia kwamba huyu si wetu, twaweza kulala. Mstari ni ule ule, na daftari ni lile lile. Tofauti ni matumizi. Alilolitaka yule mwanasheria alipomwuliza Bwana jirani yake ni nani, lilikuwa swali la pili. Alitaka kujua pa kuishia. Naye Bwana hakumpa mahali pa kuishia. Alimpa mfano wa mtu aliyevuka.

Tena lile neno la walezi linatuhusu hapa. Serikali zina amana ya nchi kwa muda, nasi tuna amana ya usharika kwa muda. Hatukuwanunua watu hawa. Tukitumia mipaka yetu kana kwamba ni ya milele, twafanya kama wale waliopangisha bandari ya Kigoma: twagawa kisichokuwa chetu.

Mwenyeji wa Kigoma hana haja ya mifano ya mbali. Mwezi wa Mei 2015 watu wa Burundi, makumi ya maelfu, walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha pwani ya ziwa karibu na mpaka, kilichobanwa kati ya milima na maji. Kipindupindu kikaingia. Ndipo Liemba, meli ile ile ya Wadachi, ikawabeba kwenda Kigoma, safari baada ya safari. Meli iliyotumika vitani kulinda mpaka ikatumika kuwabeba watu waliovuka mpaka. Wala haikuwa mara ya kwanza nchi hii kupokea wageni: walikuja Warundi mwaka 1972 na 1993, na Wakongo mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Kanisa letu nalo lina sehemu yake, maana shirika la TCRS lilianzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Walutheri Duniani kwa ajili ya wakimbizi.

Lakini tuseme kweli: si kazi nyepesi. Wenyeji wana mashamba yao, na kuni za kupikia, na visima. Wageni wakiwa wengi, wenyeji nao huumia. Wako na wadanganyifu, wenye kuomba kwa jina la kanisa hili leo na la kanisa jingine kesho. Wazee wetu waliogopa hayo, na hofu yao haikuwa ya uongo. Hatuna kipimo cha kumtambua kila mdanganyifu. Twajua neno moja tu: kudanganywa kwa ajili ya mazishi ya mtoto ni hasara ndogo kuliko ile tuliyoipata siku ile kwa kutodanganywa.

Baada ya mambo yale tulikutana tena na wazee. Yule aliyetaja mithali ya daftari ndiye aliyenena kwanza. Akasema, "Mithali ile ni kweli, lakini tumeitumia kinyume. Mtoto yule hakuwa na daftari, naye amepotea kwetu bila habari." Akaomba kurasa za mwisho za daftari zitengwe kwa ajili ya wageni: jina, mahali atokapo, kanisa alilolitaja, na mzee mmoja aliyepewa kumwangalia. Hatudai cheti ili mtu aandikwe humo. Cheti tunakiulizia baadaye, kwa barua, wakati mtu amekwisha kula na wafu wake wamekwisha kuzikwa. Ushirika wa Meza ya Bwana una taratibu zake, nazo hatukuzivunja. Lakini mazishi, na kumwangalia mgonjwa, na kumwombea mtu, hayo hayangojei mashua ya Jumatatu.

Jina la kwanza tuliloliandika katika kurasa zile ni la yule baba. Tulimtafuta siku nyingi pwani, hata tukampata akishona wavu. Tukamwomba radhi. Hakusema maneno mengi. Alituonyesha kaburi, nasi tukasoma na kuomba pamoja naye, na jirani zake wale Waislamu wakaja wakasimama kama walivyosimama siku ya kwanza. Tulikuwa tumechelewa, wala kuchelewa kwetu hakukufutwa kwa maombi yale.

Mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 palikuwa karibu na maji. Leo mtu akisimama Ujiji penye nguzo ya ukumbusho, ziwa liko mbali naye, maana maji yalishuka, na ufuko ukahama. Na miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena, yakaingia katika nyumba za watu waliojenga karibu. Ikiwa ufuko aliouweka Mungu wahama, sisi tunaochora kwa kalamu tutajisifu nini?

Basi, ndugu walimu na wazee wa kanisa, twawaomba neno moja. Katika mkutano wenu wa wazee unaofuata, lifungueni daftari la usharika, mkaulizane: katika mtaa wetu, ni nani anayekaa kati yetu ambaye jina lake halimo humu, na akifa leo usiku, nani atakwenda kugonga mlango wake? Msipojua jibu, msiandike barua kwanza. Nendeni.